Kiti Kilichobaki Wazi: Hesabu ya Ziara ya Kundi Nchini Oman

Kampuni za utalii za Ulaya huitangaza ziara ya siku 8 nchini Oman kwa bei inayoanzia karibu dola 1,500 kwa kila mtu na kupanda hadi dola 2,500 au zaidi, nauli ya ndege ikiwa kando. Kwa fedha hizo mgeni anaoneshwa milima, jangwa, ngome za karne ya 17, mifereji ya maji iliyochimbwa kale, bahari na kasa wanaotaga usiku. Kwa hesabu nitakayoipanga hapa, sehemu inayofika kwenye milango ya ngome, makumbusho na hifadhi ya kasa haizidi asilimia 4 ya bei hiyo. Asilimia 96 huishia kwingine. Ukiifuatilia fedha hiyo utaona kwamba kinachoamua bei ya ziara ya nchi ya jangwa ni idadi ya watu wanaoenea ndani ya gari moja, na kwamba turathi iliyomvuta mgeni kutoka kwao ndiyo inayopata fungu dogo kuliko yote.

Tuanze na ukubwa wa nchi yenyewe. Oman ina kilomita za mraba 309,500, karibu theluthi moja ya Tanzania, na watu wanaozidi kidogo milioni 5, ambao zaidi ya asilimia 40 ni wageni waliokwenda kufanya kazi. Ukitazama ramani unaweza kukata tamaa: kutoka Muscat hadi Salalah ni takriban kilomita 1,000, na nyuma ya Salalah linaanza Rub' al Khali, jangwa la kilomita za mraba kama 650,000 ambalo Oman inashiriki na Saudi Arabia, Yemen na Falme za Kiarabu. Lakini ziara ya kundi haiendi huko. Inabaki kaskazini, ambako vitu vimesogeleana: milima ya Hajar yenye kilele cha Jebel Shams, mita zipatazo 3,000 juu ya bahari, na korongo la Wadi Ghul lenye kina cha takriban mita 1,000, mji wa Nizwa, mchanga wa Sharqiya, kilomita za mraba 12,500, zaidi ya mara 7 ya kisiwa cha Unguja, kisha pwani ya Sur. Mzunguko wote, pamoja na michepuko ya mabonde na vijiji, ni kama kilomita 1,200.

Kilomita hizo 1,200 leo ni rahisi. Mwaka 1970, Sultan Qaboos aliposhika madaraka, nchi nzima ilikuwa na takriban kilomita 10 tu za lami. Sasa kutoka Muscat hadi Nizwa, kilomita 160, ni mwendo wa chini ya saa 2 kwenye barabara pana. Mafuta nayo hayaumizi. Tangu Novemba 2021 serikali imeweka ukomo wa bei: petroli ya daraja la 95 haizidi baisa 239 kwa lita, na ile ya 91 baisa 229. Riali moja ni baisa 1,000, na thamani yake imefungwa kwenye dola, tangu 1986 kwa kiwango cha takriban dola 2.60 kwa riali.

Sasa piga hesabu. Chukua Land Cruiser tatu zinazokunywa lita 15 kwa kila kilomita 100, uzizungushe kilomita zote 1,200. Kila gari litatumia lita 180, yaani riali 43. Magari matatu ni riali 129. Wagawie wageni 12: kila mmoja anabeba chini ya riali 11, kama dola 28, kwa mafuta ya ziara nzima. Mtu anayedhani safari ya jangwani ni ghali kwa sababu jangwa ni kubwa amekosea mlango.

Gharama ipo kwenye viti

Ukitoka Muscat kwenda Nizwa utapita Birkat al-Mawz, mji mdogo wa mitende chini ya Jebel Akhdar. Pale inapoanza barabara ya kupanda mlimani kuna kituo cha polisi. Barabara ina lami mpaka juu, kwenye uwanda wa Saiq ulio mita zipatazo 2,000, lakini polisi hawaruhusu gari dogo la kawaida kupanda. Sharti liwe gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, kwa sababu ya mteremko mkali wa kurudi ambao umeunguza breki za magari mengi. Basi la watalii linaishia hapo. Jebel Shams nayo ina vipande vya changarawe na kona ambazo basi refu halizipendi. Na mchanga wa Sharqiya haumtambui dereva wa basi kabisa.

Bidiyah, ukingoni mwa mchanga huo, ndiko mtu anakoelewa jambo hili kwa macho. Kabla ya kuingia mchangani madereva husimama na kupunguza upepo wa tairi, moja baada ya nyingine, kutoka kipimo cha kawaida cha psi 35 hivi hadi 15 au 18, mpaka mpira uvimbe pembeni na kulala chini kwa upana. Tairi iliyolala haizami. Kesho yake, wakitoka, hujaza tena upepo kabla ya kurudi kwenye lami, maana tairi laini kwenye mwendo wa kilomita 120 kwa saa hupasuka. Kazi hiyo inakula dakika kama 20 kwenda na 20 kurudi, nayo haifanywi na dereva yeyote tu. Anayeifanya ni mtu anayejua kusoma mgongo wa tuta, anayejua upande upi mchanga umeshikana na upi umekaa kama unga. Mtu huyo, gari lake na viti vyake vinne vya abiria ndivyo vinavyolipiwa.

Viti vinne: kimoja mbele, vitatu nyuma. Mwongoza watalii mzoefu hushika mwenyewe usukani wa gari la kwanza ili asile kiti cha mgeni.

Naomba msomaji anivumilie kwa hesabu, kwa sababu ndiyo kiini cha uchambuzi huu. Bei nitakazotumia ni za mfano, za kiwango cha kati kwa mtu anayelala hoteli ya kawaida. Kila kampuni ina zake. Tuseme Land Cruiser pamoja na dereva na mafuta ni riali 90 kwa siku, na ziara inalihitaji siku 3, moja mlimani na mbili jangwani. Kila gari ni riali 270. Siku 4 nyingine kundi linapanda basi dogo la Coaster kwa riali 100 kwa siku, jumla 400. Mwongoza watalii analipwa riali 45 kwa siku kwa siku 7, yaani 315, na chumba chake na chakula ni riali 20 kwa usiku, jumla 140. Basi na mwongozaji ni riali 855, wawe wageni wanne au kumi na sita.

Halafu kuna kinachokwenda na mtu mmoja mmoja. Vyumba vya watu wawili wawili, usiku 3 Muscat, 2 Nizwa, 1 Sur, na usiku 1 wa kambi ya jangwani pamoja na chakula cha jioni: tuweke riali 127.5. Chakula cha mchana na cha jioni siku zilizobaki, riali 58. Viingilio vyote, riali 20. Jumla 205.5 kwa kichwa.

Kundi la watu 4 linatoka riali 486.75 kwa kila mtu. Likiwa la watu 8, bei inashuka hadi 379.88. Likifika 12 ni 344.25, sawa na dola 895. Likifika 16 ni 326.44. Tazama jinsi punguzo linavyopungua: kutoka 4 hadi 8 kila mmoja ameokoa karibu riali 107, kutoka 8 hadi 12, riali 36, kutoka 12 hadi 16, riali 18 tu. Baada ya watu 12 unachopata kwa kuongeza wenzako ni kidogo mno kuliko unachopoteza: foleni ya choo, meza ya chakula isiyotosha, na mwongozaji ambaye sauti yake haiwafikii walio nyuma. Ndiyo maana makundi mengi yanakomea 12 au 16, na ndiyo maana namba hizo zinagawanyika kwa 4.

Ubaya wa hesabu hii unaonekana kwenye mtu wa 13. Anapojiunga, gari la nne linahitajika. Gharama ya basi na mwongozaji inagawanywa kwa wengi zaidi, ni kweli, lakini gari jipya linabeba mtu mmoja na viti vitatu vitupu, na bei ya kila mmoja inapanda kutoka 344.25 hadi 354.35. Wa 9 naye anafanya hivyo hivyo: kutoka 379.88 hadi 390.50. Mgeni anayeambiwa kwamba ziara imejaa ilhali hoteli ina vyumba anaweza kudhani anadanganywa. Mara nyingi anaambiwa ukweli wa Land Cruiser.

Kiti kitupu kinamuumiza muuzaji kwa njia nyingine pia. Bei hutangazwa miezi mingi kabla, kwa kukadiria kundi litakuwa na watu wangapi. Kampuni iliyokadiria watu 12 kwa gharama ya riali 344.25, kisha wakaja 9, imepungukiwa riali 46.25 kwa kila mmoja, jumla riali 416. Faida ya kundi zima inaweza kumezwa hapo. Kwa hiyo soma yale maandishi madogo kuhusu idadi ya chini ya wasafiri kabla hujanunua tiketi ya ndege isiyorudishwa.

Na anayesafiri peke yake? Chumba cha riali 35 ni riali 35, alale mmoja au wawili. Katika mfano wetu nusu ya vyumba vya hoteli kwa usiku 6 ni riali 97.5, na huyo asiye na mwenzake anaongezewa nusu ya pili: riali 97.5 nyingine, kama dola 254. Ni zaidi ya mgao wake wa basi na mwongozaji kwa ziara nzima, ambao katika kundi la 12 ni riali 71.25. Wajane na wastaafu, ambao ni sehemu kubwa ya wateja wa ziara za aina hii, ndio wanaolipa hii. Naliona ni jambo gumu kulitetea pale kampuni inapokataa hata kuwatafutia mwenza wa chumba.

Kutoka dola 895 hadi dola 1,534

Dola 895 ni gharama ya ardhini tu, bila faida ya mtu. Kampuni ya Muscat inayopanga ziara ina ofisi, leseni, bima na mishahara ya miezi isiyo na wageni. Ikiongeza asilimia 20, tunafika riali 413, sawa na dola 1,074. Kisha kampuni ya Ulaya inayoiuza, yenye katalogi, matangazo na watu wa kupokea simu, ikijiwekea asilimia 30 ya bei ya mwisho, bei hiyo inakuwa dola 1,534. Hapo ndipo tangazo linapoanzia. Weka hoteli yenye bwawa badala ya ile ya kawaida na utafika 2,500 bila kuongeza kilomita wala ngome.

Kwa nini gari liwe riali 90 kwa siku wakati mafuta yake ya siku hayafiki riali 8? Jibu liko kwenye kalenda. Msimu wa kaskazini ni Oktoba hadi Aprili. Baada ya hapo joto linavuka nyuzi 45, na Juni 2018 mji wa pwani wa Quriyat ulipitisha saa 24 nzima bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6, usiku ukiwamo. Hakuna mwenye akili anayetembeza wazee jangwani wakati huo. Gari lililonunuliwa kwa riali 18,000, tuseme, likidumu miaka 6, linakula riali 3,000 kwa mwaka. Likifanya kazi siku 150 za msimu, ni riali 20 kwa siku kabla ya bima, tairi, dereva na mchanga unaosaga vyuma vyake. Miezi ya kiangazi watalii huhamia Salalah, ambako pepo za kusi huleta ukungu na manyunyu kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, na ambako takriban watu milioni 1 hufika katika msimu huo mmoja, wengi wakiwa familia za Oman na nchi jirani za Ghuba zinazoendesha magari yao wenyewe. Dereva wa Bidiyah hafaidiki nao.

Lipo jingine linalomfanya dereva mzoefu astahili kila baisa. Mabonde yanayovutia wageni ndiyo njia za mafuriko. Aprili 2024 mvua kubwa ziliua karibu watu 20 nchini Oman, wakiwamo wanafunzi waliosombwa na maji wakiwa garini. Bonde linaweza kuwa kavu chini ya jua kali huku maji ya mvua iliyonyesha mlimani yakiwa njiani. Kampuni inayoacha nafasi ya kubadili ratiba, kwa kuruka bonde au kulala mji mwingine, inalipa kwa nafasi hiyo: chumba kisichotumika, mlo ulioagizwa bure. Ukikuta ziara mbili zinazofanana na moja ni rahisi kwa dola 150, muulize muuzaji mvua ikinyesha wanafanya nini. Jibu lake litakueleza dola hizo 150 zimetolewa wapi.

Fungu la turathi

Rudi sasa kwenye zile riali 20 za viingilio. Ngome ya Nizwa inamtoza mgeni kutoka nje riali 5, na Makumbusho ya Taifa ya Muscat vivyo hivyo. Kuvushwa kwa boti kwenye mlango wa Wadi Shab ni riali 1. Kuwaona kasa wa Ras al-Jinz kunalipiwa. Vivutio vingine vingi vikubwa ni bure. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, hautozi senti: zulia lake la mita 70 kwa 60 lina mafundo yapatayo bilioni 1.7, lilisukwa na wanawake 600 wa Iran kwa miaka 4, na lina uzito wa tani 21. Wasio Waislamu wanaruhusiwa kuingia saa 2 hadi saa 5 asubuhi, Jumamosi hadi Alhamisi. Ratiba nzima ya kundi hujipanga kuzunguka saa hizo 3, na pia kuzunguka Ijumaa asubuhi ya Nizwa, ambapo wafugaji huwazungusha mbuzi wao kwenye duara huku wanunuzi wakiwashika mgongo na kuwafungua kinywa kutazama meno. Mnada huo nao ni bure.

Riali 20 ni asilimia 5.8 ya gharama ya ardhini. Katika bei ya dola 1,534 ni dola 52, asilimia 3.4.

Msomaji wa Tanzania ataona tofauti mara moja. Mgeni kutoka nje anayeingia Serengeti msimu wa juu hulipa dola 70 kwa saa 24 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, na kodi ni asilimia 18. Siku moja ya Serengeti inazidi viingilio vya siku zote 8 za Oman. Tanzania imeweka bei yake mlangoni, na hifadhi zenye wageni wengi zinabeba zile zisizo nao. Oman imeacha mlango karibu wazi, na kugharimia turathi yake kwa fedha za serikali, ambazo kwa sehemu kubwa ni fedha za mafuta na gesi.

Bahla inaonesha uzito wa jambo hili. Ngome yake ya matofali ya udongo, na ukuta wa takriban kilomita 12 unaouzunguka mji na mitende yake, iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1987. Mwaka uliofuata tu ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu udongo ulikuwa ukimomonyoka kila mvua. Serikali ilitumia kama dola milioni 9 kuikarabati kati ya 1993 na 1999, na mwaka 2004 ikaondolewa kwenye orodha hiyo ya hatari. Kama fedha hizo zingetafutwa kwa kiingilio cha riali 5, wangehitajika wageni zaidi ya 690,000 walipe, na kila riali yao iende kwenye udongo na mafundi bila mtu mwingine kuigusa. Na udongo haukarabatiwi mara moja ukaisha. Mvua ikirudi, fundi naye anarudi.

Kwenye mifereji ya kale ya maji ndiko hesabu inakonisumbua zaidi. Oman ina mifereji ya aina hiyo, aflaj (umoja wake ni falaj), ipatayo 3,000 inayotumika hadi leo. Mitano iliandikwa Urithi wa Dunia mwaka 2006, mmojawapo ukiwa Falaj al-Khatmeen, ambao unapita hapo hapo Birkat al-Mawz yanapokaguliwa magari. Simama dakika 5 pale maji yanapogawanyika. Mfereji mmoja unafika kwenye jiwe na kutoka mitatu, maji sawa kwa sawa, bila mashine na bila mlinzi. Kila mwenye shamba ana zamu yake inayohesabiwa kwa muda, na sehemu nyingi kipimo kimoja ni nusu saa ya maji. Baadhi ya zamu ni za falaj wenyewe: hupigwa mnada kijijini, na fedha zake hulipa wanaoshuka chini kuzibua mchanga na kuziba nyufa. Mfumo huo ulijitosheleza kwa karne nyingi kwa sababu waliokunywa ndio waliolipa. Mgeni anapiga picha, ananawa uso, anapanda gari. Hakuna sanduku wala tiketi, na mzee anayesimamia mnada haoni hata baisa moja ya zile dola 1,534.

Nadhani hili linarekebishika kwa bei ndogo. Riali 10 kwa kila mgeni, zikakabidhiwa moja kwa moja kwa wasimamizi wa mifereji na vijiji ambavyo ziara inapita, ni dola 26, asilimia 1.7 ya bei ya Ulaya. Hakuna mteja atakayeahirisha safari kwa dola 26. Kundi la 12 lingeacha riali 120, na katika kijiji chenye mfereji mmoja hizo ni siku kadhaa za kazi ya fundi.

Kuna mahali ambapo wenyeji hawakusubiri. Misfat al-Abriyyin, kijiji cha mawe na udongo kinachoning'inia kwenye mteremko juu ya mji wa al-Hamra, kilianza kugeuza nyumba zake za zamani kuwa za kulala wageni, kwa mikono ya wenye nyumba wenyewe. Mwaka 2021 Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa lilikitaja miongoni mwa vijiji bora vya utalii duniani. Ukihamisha usiku 1 kati ya usiku 2 wa Nizwa ukaupeleka huko, hesabu ya ziara haibadiliki sana, lakini kitanda, mkate na tende vinalipiwa kwa mtu ambaye mababu zake walichimba mfereji unaopita chini ya dirisha lako.

Onyo la upande wa pili lipo pia. Hifadhi ya Choroa wa Arabia, huko katikati ya nchi, iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1994. Mwaka 1996 ilikuwa na choroa kama 450. Ujangili ukawapunguza hadi kufikia 65. Serikali ilipoamua kupunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90, mipango ya utafutaji mafuta ikiwa mbele, UNESCO iliiondoa kwenye orodha mwaka 2007. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya orodha hiyo. Pale ambapo urithi hauna mapato yake na unategemea hazina ya serikali tu, serikali ikibadili nia hakuna wa kuutetea kwa hesabu.

Oman ilipokea wageni takriban milioni 4 mwaka 2023, na mkakati wake wa utalii unalenga milioni 11 kufikia 2040. Karibu mara 3. Hoteli zinaweza kujengwa na lami ikaongezwa. Duara la mbuzi la Nizwa halipanuki, wala kingo za falaj zinazokanyagwa kwa mguu mmoja mmoja.

Kwa msafiri wa Kiswahili

Ziara nyingi zinaipa Sur muda wa kunywa chai na kuondoka. Kwetu sisi huo ni upungufu. Majahazi ya Sur yalikuja Lamu, Mombasa, Zanzibar na Rufiji kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, yakileta tende na samaki wakavu na kuondoka na boriti za mikoko zilizoezeka nyumba za Ghuba. Jahazi Fatah al-Khair, lililoundwa Sur mwaka 1951, lilirudishwa mjini humo miaka ya 1990 na sasa limesimama nchi kavu, mtu anaweza kulizunguka na kupapasa mbao zake. Ongeza usiku mmoja Sur: nusu ya chumba riali 15, milo miwili riali 9. Ni riali 24 kwa kichwa, pamoja na siku moja zaidi ya basi na mwongozaji, ambayo kwa kundi la 8 ni kama riali 21.

Na kundi la 8 ndilo ningelipendekeza kwa jamaa au wanachama wa kikundi wanaotoka Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa. Magari mawili yanajaa bila kiti kitupu. Gharama ya ardhini ni riali 379.88, kampuni ya Muscat ikiongeza asilimia 20 yake, ni riali 456, sawa na dola 1,185. Ile asilimia 30 ya Ulaya haipo, kwa sababu unaongea na mwenye magari moja kwa moja, na katika mji ambao maelfu ya familia zilihamia kutoka Zanzibar, hasa baada ya Mapinduzi ya 1964 na baada ya Qaboos kushika madaraka 1970, si vigumu kumpata mwongozaji wa kuongea naye Kiswahili. Anayehitaji viza ya kimtandao ataongeza riali 5 kwa siku 10 au riali 20 kwa siku 30. Ndege ya moja kwa moja ni kama saa 5. Fedha mlizookoa kwa kumruka muuzaji wa Ulaya zinatosha usiku wa ziada wa Sur, riali 10 za mifereji kwa kila mmoja, na bado zinabaki. Mwezi wa Ramadhani kwa miaka hii unaangukia ndani ya msimu wenyewe, Februari na Machi, hoteli zikiwa na nafasi zaidi na saa za makumbusho zikiwa fupi. Atakayekwenda wakati huo apange ngome asubuhi, na jioni awe mjini kabla ya kufuturu.